Harusi Hairudiwi: Kujifunza Kupiga Picha kwa Kitabu

Kila Jumamosi ifikapo alasiri, barabara za Dar es Salaam hujaa magari yaliyopambwa maua, na tarumbeta hulia juu ya gari la wazi mpaka watu hutoka milangoni kutazama. Katika msafara huo utamwona mtu mmoja ambaye, wakati wenzake wote wanatazama mbele, yeye ametazama nyuma. Mkono mmoja ameshika chuma cha gari asianguke, na mkono wa pili ameshika kamera. Huyo ndiye mpiga picha. Siku ile wageni humhesabu pamoja na vyombo vya shughuli, mfano wa viti na masufuria. Lakini baada ya juma moja, chakula kimekwisha, maua yamenyauka, na ukumbi umekodishwa kwa watu wengine, ndipo jamaa wote humkumbuka na kuulizana: picha ziko wapi?

Kazi hii siku hizi imewavuta vijana wengi. Wako makarani, walimu, mafundi wa magari na walinzi ambao kwa siku tano hufanya kazi zao za mshahara, na mwisho wa juma huvaa shati safi wakaenda kupiga picha za harusi ili kuongeza riziki. Wengi wao hawakupita chuo chochote cha picha. Walinunua kitabu kilichotumika, au waliazima kwa rafiki, wakasoma usiku baada ya kazi huku kamusi ya Kiingereza iko pembeni. Wazee wa studio huwacheka. Husema kwamba kazi ya mikono haisomwi, na kwamba anayejifunza kuogelea kwa kitabu atazama na kitabu chake mkononi.

Sisi hatukubaliani na wazee hao, ingawa twawaheshimu. Twasema kwamba kazi hii yaweza kujifunzwa kwa kitabu, tena ikajifunzwa vizuri. Lakini liko sharti moja, na asiyelitimiza atawaliza watu. Sharti lenyewe ni hili: kila ukurasa ujaribiwe kwanza mtaani kwetu, juu ya nyuso zetu na chini ya jua letu, kabla haujapelekwa katika harusi ya mtu.

Kwa nini twalitia jambo hili uzito kiasi hiki? Kwa sababu fedha inayomlipa mpiga picha si fedha ya tajiri mmoja. Kila msomaji wetu ajua jinsi harusi zetu zinavyofanywa. Huundwa kamati, huchaguliwa mwenyekiti na mweka hazina, kisha hugawanywa kadi za mchango. Mfanyakazi wa kiwandani hutoa alichoweza, mama muuza vitumbua hutoa chake, na jirani ambaye mwezi ule hana kitu huandika ahadi na kuilipa mwezi wa pili. Fedha ya mpiga picha imetoka katika mifuko mingi yenye matundu. Basi anayeipokea ameshika amana ya watu, na amana ya watu haifanyiwi majaribio.

Tusemayo tumeyaonja wenyewe. Katika miaka ya tisini, binti wa jirani yetu aliposwa akaolewa. Sisi wakati huo tulikuwa tumesoma kitabu kimoja cha Kiingereza tangu jalada la kwanza hata la mwisho, na kichwa kilikuwa kimetuvimba. Tukaazima kamera, tukanunua filamu 3 za picha 36 kila moja, tukamwendea mama wa binti. Mama yule hakuwa na fedha ya kulipa studio, akatuamini. Kitabu kilituambia tumsogelee bibi harusi na kuijaza picha kwa mavazi yake, nasi tukafanya hivyo. Kitabu kilituambia tutazame sindano ya kipimo cha mwanga ndani ya kamera, isimame katikati, nayo ikasimama katikati. Tukarudi nyumbani tukiwa na furaha.

Filamu ziliposafishwa, tulikuta shela nyeupe imekuwa na rangi ya jivu, na mahali pa uso wa bibi harusi pana giza. Fundi wa studio alizirudia picha mbili tatu, lakini filamu haikushika kitu cha kutoa. Mama yule alikaa mkekani, akafunua picha moja baada ya nyingine, kisha akatuuliza kwa upole, “Mwanangu, mbona bibi harusi simwoni?” Hakututukana wala hakutudai. Afadhali angetutukana. Katika picha zile alikuwamo pia nyanya wa binti, mzee aliyekuja kwa basi kutoka Kilwa, akamshika mjukuu wake mkono akamwombea dua. Mzee yule alifariki kabla ya mwaka kwisha, na picha nyingine ya wawili wale ya siku ile haikuwapo. Maji yakimwagika hayazoleki.

Hata malkia hana uwezo juu ya jambo hili. Malkia Victoria wa Uingereza aliolewa tarehe 10 Februari 1840, wakati ambapo ufundi wa picha ulikuwa umetangazwa Paris mwaka mmoja tu uliopita, na hakuna aliyempiga picha siku ile. Mwaka 1854 yeye na mumewe Albert walivaa mavazi ya fahari wakasimama mbele ya kamera ya Roger Fenton, na hata leo wako watu wanaodhani kwamba hiyo ni picha ya harusi yao. Siyo. Ilikuwa imepita miaka 14. Milki yake ilikuwa kubwa, lakini siku moja iliyopita hakuweza kuirudisha.

Hapa pwani ufundi huu una historia ya kujivunia. Kisiwani Unguja, studio ya A. C. Gomes ilikuwako tangu mwishoni mwa karne ya 19, na Capital Art Studio ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, kisha mwanawe Rohit Oza akaendeleza kazi ya baba. Katika maduka ya namna ile mwanafunzi alijifunza kwa macho. Alifagia, alibeba stendi ya miguu mitatu, alichanganya dawa katika chumba cha giza, na siku nyingi zilipita kabla hajakabidhiwa kamera. Lakini ilikuwapo pia njia nyingine. Kule Lamu, Omar Said Bakor, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki mwaka 1993, alijifundisha mwenyewe, akapiga picha mitaani kwa muda mrefu, na baadaye ndipo alipofungua studio yake. Picha zake zimetazamwa na wataalamu wa nchi za mbali.

Basi, ndugu msomaji, njia zote mbili zimetoa mafundi. Kinachozilinganisha ni miaka ya kukosea mahali ambapo kosa halimwumizi mtu. Kijana wa studio aliharibu karatasi za tajiri wake akakaripiwa, na yule wa mtaani aliharibu filamu zake mwenyewe. Msomaji wa kitabu naye hana budi kujitafutia mahali pake pa kuharibu.

Sasa tutazame kitabu chafundisha nini, kwani wako watu wanaokidharau bila kukifungua. Kwanza kabisa chafundisha hesabu ya mwanga. Kamera hupokea mwanga kwa njia ya tundu la lenzi na kwa muda ambao kilango chake hukaa wazi. Namba za tundu, yaani 2.8, 4, 5.6, 8, 11 na 16, humtatiza mwanafunzi kwa sababu namba ikikua tundu hupungua. Akishajua kwamba kutoka namba moja kwenda inayofuata mwanga hupungua nusu, mlango umemfungukia. Vivyo hivyo kilango kinachofunguka kwa sehemu 1 ya 125 ya sekunde huingiza nusu ya mwanga unaoingia kwa sehemu 1 ya 60, ukiacha tofauti ndogo ya hesabu. Tatu ni wepesi wa filamu, au wa kamera za siku hizi, kuhisi mwanga. Mambo haya matatu hubadilishana kama fedha: ukipunguza hapa waongeza pale. Kitabu cha Bryan Peterson kiitwacho Understanding Exposure, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1990, kimewafunulia watu wengi jambo hili kwa lugha nyepesi. Kabla yake kampuni ya Kodak ilikuwa imechapa kwa miaka mingi, toleo baada ya toleo, kitabu chake How to Make Good Pictures, kwa ajili ya watu wa kawaida wasio mafundi.

Pili, kitabu chafundisha kanuni ambazo jicho peke yake halizioni upesi. Mwanga wa flashi hupungua kwa kasi kuliko mtu anavyodhani. Mtu aliye mita 4 kutoka kwenye flashi hapati nusu ya mwanga aupatao aliye mita 2. Hupata robo. Aliye mita 6 hupata sehemu 1 tu ya 9. Ndiyo maana katika picha nyingi za ukumbini maharusi hung’aa na shangazi zao waliosimama nyuma huwa vivuli. Asiyejua kanuni hii huilaumu kamera, na anayeijua huwasogeza shangazi mbele, au huwapanga watu wawe karibu kulingana. Kadhalika kitabu humwonya kwamba kamera nyingi zina kasi ambayo flashi haivuki, huenda ni sehemu 1 ya 60 katika kamera za zamani, au sehemu 1 ya 200 au 250 katika nyingi za siku hizi. Ukiivuka, upande mmoja wa picha hutoka mweusi. Afadhali mtu alijue hilo kitandani kwake kuliko kulijua baada ya ndoa kufungwa.

Tatu, kitabu kizuri chafundisha utaratibu. Humwambia mpiga picha aandike orodha ya watu na mambo yasiyokosekana, afike ukumbini siku ya kwanza kutazama madirisha na taa, na achukue kamera ya pili na betri za akiba. Katika siku hizi za kompyuta, Mmarekani Peter Krogh katika kitabu chake The DAM Book, kilichotoka mwaka 2005, alieneza kanuni ya kuweka kila picha katika nakala 3, juu ya vyombo vya namna 2, na nakala 1 iwe nyumba nyingine. Wahenga wetu walikwisha sema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Picha za harusi ni mali, na nakala ndilo daftari lake. Mwizi wa kompyuta hajali kwamba ndani yake mna arusi za watu kumi.

Hayo ndiyo mema ya kitabu. Sasa tuseme yale ambayo kitabu hayajui, au huyanyamazia, kwa sababu mwandishi wake aliandika kwa ajili ya watu wa kwao.

La kwanza ni uso wetu. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hakijui shela wala hakijui ngozi. Kila kinachowekwa mbele yake hukihesabu kuwa ni kitu cha rangi ya kijivu cha wastani. Ukikielekeza kwenye ukuta mweupe, huufanya wa kijivu. Ukikielekeza kwenye koti jeusi, nalo hulifanya la kijivu. Mtu aliyeieleza habari hii kwa ufasaha kupita wengi ni Mmarekani Ansel Adams, ambaye umaarufu wake ulikuwa wa kupiga picha za milima wala si za harusi. Yeye na mwenzake Fred Archer, yapata mwaka 1940, waliugawa mwanga katika ngazi 11, tangu 0 ambayo ni giza tupu mpaka 10 ambayo ni weupe mtupu. Kila ngazi ina mwanga mara mbili ya iliyo chini yake. Adams alieleza hayo kwa marefu katika vitabu vyake vitatu vya mwisho, The Camera wa mwaka 1980, The Negative wa mwaka 1981 na The Print wa mwaka 1983.

Kipimo cha kamera huweka kila kitu katika ngazi ya 5. Ngozi nyeusi Adams aliiweka hapo hapo katika ngazi ya 5, au karibu yake, na uso wa Mzungu uliopigwa na jua katika ngazi ya 6. Shela nyeupe yenye mikunjo inayoonekana yapaswa kuwa ngazi ya 7 au ya 8. Sasa msomaji apige hesabu mwenyewe. Sisi tulimsogelea bibi harusi, shela ikajaza kioo, kipimo kikaishusha mpaka ngazi ya 5, na uso wa binti, ambao ulipaswa kuwa ngazi mbili au tatu chini ya shela, ukashuka nao mpaka ngazi ya 3 au ya 2, ambako ni karibu na giza. Sindano ilikuwa katikati kama kitabu kilivyosema. Kosa lilikuwa kwetu sisi tuliodhani sindano ina akili. Tungefungua tundu kwa ngazi mbili, kutoka 11 mpaka 5.6, mama yule angemwona mwanawe. Na njia iliyo nyepesi zaidi ni kupima mwanga juu ya uso au mkono wa bibi harusi mwenyewe, na kuiacha shela iwe nyeupe kama ilivyo.

Jambo hili halikuanza na vitabu. Kodak kwa miaka mingi iliwapelekea wasafisha picha kadi ya kupimia rangi, na juu yake ilikuwapo sura ya mwanamke mweupe. Mafundi waliiita Shirley. Rangi ikitoka sawa juu ya uso wa Shirley, ilihesabiwa kuwa sawa kwa watu wote. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, aliandika habari hii mwaka 2009, na alionyesha kwamba ni katika miaka ya tisini ndipo kampuni hiyo ilipotoa kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali. Hatusemi haya ili kijana akitupe kitabu. Twasema ili ajue kwamba giza katika picha zake si aibu ya ngozi yake. Ni kipimo kilichokatwa kwa mwili wa mtu mwingine, na fundi mwema hupima upya.

La pili ni jua letu. Vitabu vya Ulaya na Marekani husifu sana ile saa ya jioni ambapo mwanga huwa laini na wa dhahabu. Huko kwao katika mwezi Juni jua la London huchwa baada ya saa tatu usiku, tena huteremka kwa mshazari, polepole. Hapa Dar es Salaam jua huchwa mwaka mzima baina ya saa kumi na mbili na saa moja jioni, na huanguka karibu wima. Tangu liwe chini kiasi cha kulainika mpaka kuzama hazipiti dakika 30. Kijana aliyepanga kupiga picha za jamaa wote katika saa hiyo atamaliza upande wa bwana harusi, na upande wa bibi harusi utakuwa gizani. Ugomvi wake hautakwisha upesi. Mchana nao, jua likiwa utosini, macho ya watu huwa mashimo meusi. Dawa yake ni baraza, mwembe, au ukuta mweupe unaorudisha mwanga, na vitu hivyo havikosekani mtaani.

La tatu ni mapaa yetu. Kitabu husema elekeza flashi juu darini ili mwanga urudi laini. Ni neno la kweli pale penye dari nyeupe. Lakini makuti humeza mwanga, na kidogo yanachorudisha kina rangi ya kahawia. Turubai la buluu huwafanya maharusi waonekane wagonjwa, na la kijani huwafanya waonekane maiti. Hakuna mwandishi wa New York aliyewaza kutuonya juu ya turubai, kwa kuwa halikumsumbua.

La nne, na ndilo zito, ni adabu ya harusi zetu. Kitabu humhimiza mpiga picha aingie chumbani bibi harusi anapovaa, ampige picha akipakwa manukato, akicheka na mashoga zake. Katika nyumba nyingi za pwani mlango ule haufunguliwi kwa mwanamume awaye yote, na wako wanawake wasiotaka sura zao zitoke nje ya ukumbi wao hata ikiwa mpiga picha ni mwanamke. Kuna mambo ya kungwi na mwari ambayo hayana picha, wala hayataki. Mpiga picha aulize kwanza, na aulize kwa wakubwa: kwa somo, kwa shangazi, kwa mama. Anayeonyesha watu picha za ukumbi wa wanawake bila idhini, au anayezisambaza kwa simu ili kujitangazia kazi, amevunja nyumba ya watu hata kama kila picha imetoka safi. Nao akina mama na dada wanaotaka kujifunza kazi hii wajue kwamba hapa wana nafasi kubwa, kwani shughuli hizo zawahitaji wao. Kadhalika katika ndoa ya Kiislamu, pale walii na bwana harusi wanaposhikana mikono kwa kuozeshana, maneno huwa machache na mara yamekwisha. Kitabu kilichozoea ibada ya kanisani ya saa nzima hakikumwandaa mtu kwa wepesi huo.

Basi kijana afanyeje? Sisi twampa ushauri tulioununua kwa gharama.

Asisome kitabu kwa kukimaliza. Asome ukurasa mmoja, akifunge, atoke nje. Akisoma habari za kipimo cha mwanga, amwite rafiki mwenye ngozi nyeusi, amvike kanzu nyeupe, na rafiki wa pili amvike koti jeusi, awasimamishe bega kwa bega chini ya jua, kisha chini ya baraza, kisha usiku mbele ya taa ya dukani. Apige mara tano kila mahali kwa vipimo vitano, aandike katika daftari. Siku ile picha ya kanzu na ya koti na nyuso mbili zote zitakapotoka vizuri katika picha moja, hapo ameuelewa ukurasa. Mpaka hapo asiseme ameusoma.

Asikimbilie vyombo. Mchagua jembe si mkulima. Wako vijana wanaokopa mshahara wa miezi mingi ili kununua lenzi, wakati ambapo dirisha la nyumba yao, lililo bure, hawajalijua bado.

Akishafanya mazoezi, amtafute mpiga picha wa kazi, amwombe ambebee mkoba katika harusi tano au kumi bila kudai fedha nyingi. Hapa ndipo njia ya mzee wa studio na njia ya msomaji zinapokutana, na wala pasiwe na dharau kati yao. Mzee ana mambo ambayo hayamo kitabuni: jinsi ya kumnyamazisha mlevi kwa ucheshi, jinsi ya kumwomba babu ainue kidevu bila kumvunjia heshima, jinsi ya kumtambua mjomba ambaye asipopigwa picha atanuna mwaka mzima. Kijana naye ana hesabu ambazo pengine mzee alizifanya kwa kubahatisha. Wakiketi pamoja, wote wawili watafaidika.

Siku atakapopokea fedha ya watu, aandike mapatano kwenye karatasi: malipo ni kiasi gani, picha ni ngapi, zitatoka lini, na nani ana haki ya kuzionyesha. Na kama hajawa tayari, aseme hajawa tayari. Neno hilo halijamuua mtu. Sisi tungelisema miaka ile, mama yule angekopa mpiga picha mahali pengine.

Twawageukia pia wafanyakazi wote wenye hamu ya jambo hili. Vitabu hivi ni ghali, na mtu mmoja akikinunua mara nyingi hukifungia kabatini. Kwa nini watu watano wa kiwanda kimoja, au wa ofisi moja, wasichange wakanunua kimoja, wakakisoma jioni kwa zamu, anayejua Kiingereza akawafasiria wenzake? Ikiwa twaweza kuchanga kwa ajili ya siku moja ya kula na kucheza, twaweza kuchanga kwa ajili ya elimu itakayodumu. Waende pia katika maktaba. Maktaba Kuu ya Taifa hapa Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 1967 kwa ajili ya wananchi wote, si kwa ajili ya wanafunzi wa shule peke yao. Waulize vitabu vya ufundi, na wasivyovikuta waviombe.

Na kwenu nyinyi mabingwa, mlioshika kazi hii miaka ishirini au thelathini, tuna neno. Elimu yenu imo vichwani na vidoleni mwenu, na mkiondoka itaondoka nanyi. Tuandikieni kitabu kwa Kiswahili. Si lazima kiwe kinene. Kitueleze shela na ngozi, makuti na turubai, jua la saa sita na magharibi yetu fupi, adabu ya ukumbi wa wanawake na mkono wa ndoa. Kijana wa Magomeni asilazimike kujifunza uso wa dada yake kwa kitabu cha mtu ambaye hakupata kumwona.

Mama yule jirani yetu angali hai. Katika sebule yake ziko picha nyingi za wajukuu ukutani, lakini picha ya harusi ya binti yake haipo. Kila tupitapo kumsalimu hutukaribisha chai, na hatujapata kumsikia akilitaja jambo lile. Sisi ndio tunaoutazama ukuta.